UZI: Geti limeandikwa MBWA KALI na mbwa wako barabarani. Mnasubiri nini kuripoti?

Leo sina salamu. Kila wiki kwenye vikundi vya mitaa ya Nakuru, iwe Kiamunyi, Lanet au Naka, swali ni lile lile: mbwa wa jirani wanazurura, wanawabana watoto ukutani, je, niripoti au ninyamaze nisije nikaharibu ujirani? Na majibu ni yale yale: tembea na fimbo, pitia njia ya nyuma, mwachie Mungu. Njia ya nyuma! Yaani mtu mzima azunguke mtaa wote kwa miguu ili mbwa wa mwenzake wapate kupunga upepo saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile watoto wanatoka kwenda shule.

Ripotini. Ila msiripoti ovyo, maana ripoti za ovyo ndizo zilizowapa wenye mbwa kiburi. Wanajua malalamiko yenu hufia kwenye benchi la chifu.

Kwanza mjue mnalalamikia nini. Mbwa anayebweka ndani ya ua ni kelele, hiyo ni kesi nyingine. Mbwa anayebweka huku anarudi nyuma ana woga, ukisimama atachoka. Wa kuogopwa ni yule anayekuja kimya, mwili umekakamaa, mkia juu, macho hayabanduki kwako, na wenzake wawili wanakuzunguka kwa nyuma. Wakiwa watatu wana ujasiri ambao hakuna hata mmoja wao anao akiwa peke yake. Na msidanganyane eti watazoea watu. Mbwa akimkimbiza mpita njia, mpita njia anaondoka, na yeye anajua amemshinda. Bodaboda ndiyo kabisa: inakuja, inakimbizwa, inatoweka. Kila siku ushindi. Mwezi wa kwanza wanalinda geti, mwezi wa tatu barabara yote hadi kwenye kona ni yao.

Kipimo changu ni hiki: mbwa yuko nje ya geti bila mtu wala mnyororo, na amemkimbilia au kumzuia mtu hata mara moja. Hapo ripoti. Si lazima aume. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamgusa mtu anayeacha kwa uzembe kuchukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama wake. Hakuna mahali kinaposema msubiri damu. Na kile kibao cha MBWA KALI kipigeni picha, kwa sababu mwenyewe amekiri kwa rangi nyekundu kwamba anawajua mbwa wake. Hawezi kusimama mbele ya mtu yeyote aseme hakudhani wangemdhuru mtu.

Halafu daftari. Siku 14, kila tukio mstari mmoja: tarehe, saa, mahali, mbwa wangapi, rangi, walifanya nini, nani mwingine aliona. "Mbwa wanasumbua sana" haimsaidii afisa yeyote. "Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mbwa 3, mmoja mweusi mwenye kifua cheupe, walitoka geti la kijani wakawazuia wanafunzi 2 kwenye mlingoti wa stima kwa kama dakika 4" inamsaidia. Video nayo ianze na geti likiwa wazi, iwafuate mbwa wakitoka, isikatwe. Video inayoanza mbwa akiwa katikati ya barabara itajibiwa "huyo si wangu, ni koko." Ndivyo walivyo: siku ya kulinda nyumba mbwa ni wake, siku ya kuuma ni koko.

Kabla ya ofisi yoyote, mwambie mwenyewe mara moja, kwa heshima, ana kwa ana, kisha mtumie ujumbe wa simu siku hiyo hiyo ili maneno yabaki. Mpe kazi na siku ya kuimaliza: "Mzee, tafadhali ziba lile pengo chini ya geti, na mbwa wasiachiliwe nje ya ua. Naomba iwe tayari kufikia Jumamosi." Usimwambie "chunga mbwa wako", atakuambia anawachunga. Kama ni nyumba ya kupanga, nakala ya ujumbe huo iende kwa mwenye nyumba na keateka, yule mtunza ploti.

Jumamosi ikipita, barua. Na hapa ndipo wengi mnapopotea: mnakimbilia kituo cha polisi, mnaambiwa nendeni kanjo, yaani askari wa kaunti, kanjo wanasema gari halina mafuta, mnarudi nyumbani mkilia. Mbwa ni kazi ya kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za mbwa zikiwemo. Kwa hiyo barua iandikwe kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo, nakala kwa afisa wa afya ya umma, msimamizi wa wadi na chifu. Chapisha nakala moja ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ukae nayo. Bila muhuri hukuandika chochote, hata kama uliipeleka mwenyewe mkononi.

Ombeni mambo matatu tu. Cheti cha chanjo kikaguliwe. Mwenye mbwa apewe agizo la maandishi la kuwafungia, lenye tarehe ya mwisho. Akikaidi, afisa atumie nguvu alizopewa na Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Msiandike "wauawe". Mkiandika hivyo nusu ya mtaa itakataa kutia sahihi, na mnazihitaji sahihi: barua ya nyumba moja afisa anaisoma kama ugomvi wa majirani, ikiwa na nyumba 6 inabidi atoke ofisini.

Haya, leteni visingizio.

Jibu, kutoka Mamboleo, Kisumu

Visingizio sina, ila umeruka jambo lenye kuua. Wengi hapa wanazungumza kana kwamba hasara ni suruali kuchanika. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, mgonjwa huyo ndio basi, karibu hakuna anayepona. Na karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, na hesabu yake ni kuchanja mbwa 7 kati ya kila 10. Mbwa wa kufugwa anayezurura bila chanjo anaivuruga hesabu hiyo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa hadi damu: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kwa saa, msikadirie. Msipake pilipili, mafuta ya taa wala maji ya betri. Jiwe jeusi la kunyonya sumu halina kazi hapa. Kidonda kisikimbiliwe kushonwa. Hospitali siku hiyo hiyo, na pigeni simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, maana kufika na kukuta friji tupu ni jambo la kawaida. Ratiba inayotumika sana ni sindano siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Watu huacha baada ya ya pili kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda kukauka hakuhusiani na kirusi, kirusi kinapanda kwenye neva polepole, mara nyingi miezi miwili au mitatu. Kidonda kikiwa kirefu, au kiko usoni au kichwani, uliza pia juu ya dawa ya kingamwili inayodungwa kuzunguka kidonda chenyewe.

Na mbwa asiuawe! Afungiwe atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kirusi mateni alipouma. Mkimpiga mawe mpaka afe mmeitupa habari muhimu kuliko zote. Akifa, mwiteni daktari wa mifugo achukue kichwa, kinapimwa ubongo, kwa hiyo kisipondwe.

Cheti nacho kisomeni. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka. Cheti cha kweli kina tarehe, nambari ya toleo la chanjo, na jina na muhuri wa aliyechanja. "Alichanjwa akiwa mdogo" si cheti.

Jibu, kutoka Kakamega

Mwenye uzi, hasira yako naielewa lakini umeandika kama mtu wa ploti ya futi 50 kwa 100 yenye ukuta. Huku kwetu ua ni michongoma, geti ni mti uliolazwa, na mbwa ndiye anayelinda ng'ombe wasiibwe usiku. Ukimpelekea mzee wa namna hiyo barua yenye mihuri kabla liguru, yule mzee wa kijiji, hajaketi nanyi chini ya mti, utaishi na hiyo barua miaka 20. Anza na liguru, maafikiano yaandikwe, wote watie sahihi.

Na mpe jirani suluhisho, usimpe lawama tu. Wengi huwafunga mbwa mchana kutwa kwa kamba ya mita moja, kisha wanashangaa kwa nini wanatoka kama risasi. Mbwa wa kufungwa hivyo anakuwa mkali zaidi. Afadhali waya wa kutelezea: nguzo mbili umbali wa mita 10, waya mnene wa milimita 4 uliokazwa mita 2 juu ya ardhi, pete juu yake, mnyororo unaoning'inia ukiwa mrefu kiasi cha mbwa kulala na kufikia maji. Weka kizuizi kwenye waya mita moja kabla ya kila nguzo, la sivyo atajizungushia nguzoni ajinyonge. Usiuweke karibu na ua anaoweza kuuruka, kwa sababu hiyo hiyo. Michongoma hupukutika chini mbwa anapozoea kupita, basi shona wavu kwenye hayo matobo na uufukie sentimita 30, kwani akikuta wavu atachimba. Dume likihasiwa linapunguza sana kuzurura, na jike likiwa kwenye joto ndilo linalokuletea yale makundi ya mbwa 8 usiyowajua.

Mwenye uzi

Ndugu wa Kakamega, waya nimeukubali, na liguru pia nimemkubali. Nisichokubali ni liguru wa mara ya nne. Maafikiano yawe na tarehe, yakivunjwa mara moja, barua inaenda. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jibu, kutoka Section 58, Nakuru

Nyama moja yenye dawa ya wadudu, kesi imekwisha.

Mwenye uzi

Nilijua utakuja. Nyama hiyo itaokotwa na paka, na kuku, na huenda na mtoto wa miaka miwili anayeweka kila kitu mdomoni. Kunguru ataibeba aiangushe juu ya tangi la maji la mtu. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360, na siku mbwa wakifa wa kwanza kutajwa ni yule aliyeandika barua. Kwa hiyo wewe unayejiona mjanja unamtia mwenzako matatani na kumgeuza mwenye mbwa kuwa mdai. Usirudie hapa.

Swali, kutoka Migosi, Kisumu

Na kama mwenye mbwa ndiye mwenye nyumba? Au ni mkubwa fulani ambaye chifu mwenyewe anampigia saluti?

Jibu, kutoka Mamboleo, Kisumu

Ndiyo sababu ya sahihi nyingi, na barua itoke kwa kamati ya mtaa au kikundi cha Nyumba Kumi cha usalama wa mtaa, isitoke kwa mpangaji mmoja anayeweza kupewa notisi. Afisa akikaa kimya, andika ukumbusho ukitaja tarehe ya muhuri wa kwanza. Akiendelea kunyamaza, ile nakala yenye muhuri inatosha kumlalamikia yeye kwenye Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni maafisa wa umma wanaokalia malalamiko ya watu.

Mtu akishaumwa, ukubwa wa mwenye mbwa haubadilishi karatasi. Hospitali kwanza, kisha polisi siku hiyo hiyo upate nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha ijazwe na daktari. Tunza risiti zote: chanjo, nauli za siku zote tano za sindano, nguo iliyochanika. Mwenye mbwa akikataa kulipa, mahakama ya madai madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Madai mengi hapo huangushwa na risiti zilizopotea.

Swali, kutoka Migosi, Kisumu

Asante. Na kesho asubuhi, kabla ya barua hizo zote, watoto wapite vipi?

Mwenye uzi

Wapite pamoja na mtu mzima, wasikimbie. Mbwa akija, wasimame wima, mikono ubavuni, wasimtazame machoni, begi la shule liwe mbele ya mwili. Akiuma aume begi. Wakianguka, wajikunje kama mpira, mikono ifunike shingo na masikio. Kuinama kama unaokota jiwe kunamrudisha koko, mbwa wa ulinzi mara nyingi kunamchochea, kwa hiyo msiwafundishe watoto. Mwenye boda apunguze mwendo au asimame kabisa pikipiki ikiwa kati yake na mbwa, asiinue miguu juu na kuongeza mafuta.

Swali, kutoka Lanet

P3 ni pesa ngapi siku hizi?

Jibu, kutoka Mamboleo, Kisumu

Fomu ni ya bure. Ukiambiwa ulipe kituoni, omba risiti ya serikali uone kama atakuandikia.