Nauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Nataka kuuza mtandaoni: nianze na tovuti au simu inatosha?

MamaDagaa_Mza

Habari zenu wakuu. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Mwanza. Nachukua dagaa Mwaloni, Kirumba, nawakaanga nyumbani na kuwafunga pakiti za nusu kilo, naziuza 7,000. Hii kazi ninayo mwaka wa tisa sasa. Wateja wangu wengi ni walimu na wauguzi wa hapa hapa mjini, lakini wapo watu wa Dar waliokuja kikazi wakaonja, na hao ndio walionitia hamu. Haupiti mwezi hajapiga mmoja: "Mama, nitumie pakiti kumi."

Nimekwama mambo manne. Kijana mmoja ananiambia nimpe laki nane na nusu anitengenezee tovuti, na mtaji wangu wote ni milioni moja na laki mbili. La pili, mwezi uliopita nilituma pakiti ishirini kwa basi, mafuta yakavuja, boksi likafika limelowa. Mteja hakunigombeza, ila hajanunua tena, na hilo limeniuma kuliko angenigombeza. La tatu, mtu alinionyesha ujumbe wa kulipa, nikampa bodaboda pakiti kumi na tano, jioni naangalia salio hakuna kitu. La mwisho, wenye kujua ziwa wanajua: wiki za mbalamwezi dagaa hawapatikani vizuri na bei inapanda. Wa hapa wananielewa. Wa mtandaoni nitawaambiaje?

Simu janja ninayo, WhatsApp natumia vizuri. Instagram sijui sana. Naombeni mnielekeze kama mnavyomwelekeza mama yenu.

Asali_Unyamwezi

Shikamoo mama. Mimi nauza asali kutoka Tabora tangu 2019, na nimepita karibu kila ulipopita wewe, isipokuwa kwangu kilichovuja kilikuwa asali.

Hiyo laki nane na nusu usiitoe. Mimi nilitoa laki sita mwaka wa kwanza. Tovuti ilikuwa nzuri kweli, ina picha za mizinga na ramani, na kwa miezi saba ililetea oda nne. Muda huo huo wateja walikuwa wananipigia simu na ninashindwa kuwahudumia kwa sababu hela ya vifungashio nimeimalizia kule. Tovuti itakuja siku ukishakuwa na oda zinazokushinda kuandika kwa mkono. Leo watu wako wako kwenye simu, na tayari wanakutafuta.

Chukua laini mpya, iwe ya biashara peke yake, uweke WhatsApp Business. Ni bure. Ina katalogi, unaweka picha, bei na maelezo, mteja anaangalia hata ukiwa jikoni. Ina lebo pia, kwa hiyo unajua nani amelipa na nani bado. Washa na uthibitisho wa hatua mbili, na yeyote akikuomba namba sita zilizoingia kwenye simu yako, hata akisema ni mteja, usimpe. Hivyo ndivyo akaunti zinavyoibiwa, na ikiibwa tapeli anaanza kupokea hela za wateja wako kwa jina lako.

Kwenye katalogi weka kitu kimoja. Narudia, kimoja: dagaa wa kukaanga, nusu kilo. Mimi nilianza na aina saba, asali ya nyuki wakubwa, ya nyuki wadogo, nta, chavua, kila kitu. Mtu akiagiza ya nyuki wadogo sina, akiagiza chavua sina. Nilikuwa nashinda naomba radhi. Nilipobaki na chupa ya kilo moja tu ndipo watu wakaanza kurudi, kwa sababu chupa ya Machi ilifanana na chupa ya Juni.

Sasa kufungasha, na hapa naomba unisikilize sana, maana ndipo ulipompoteza yule mteja wako. Mzigo wangu wa kwanza wa Dar ulikuwa chupa 24. Kwenye basi kuna joto, mifuniko ikalegea, chupa tisa zikafika nusu na zilizobaki zimegandana na boksi. Nilirudisha hela zote, 288,000. Tangu siku hiyo kila chupa inalala kichwa chini usiku mzima juu ya karatasi. Asubuhi, chupa yenye tone haisafiri.

Kwa dagaa ningefanya hivi. Wakitoka kwenye karai, wachuje kwenye chekeche juu ya karatasi mpaka waache kudondosha, halafu wapoe kabisa, hata ikibidi walale. Ukifunga wakiwa na vuguvugu, mvuke unageuka maji ndani ya pakiti, wanalainika, siku chache wanaota ukungu. Tafuta mfuko mzito wa chakula unaozibwa kwa mashine ya joto, achana na wa kufunga fundo. Kisha jaribu: weka pakiti mbili juu ya karatasi nyeupe, weka juu yake kilo kumi za mchele, acha siku mbili. Karatasi ikiwa na doa, kifungashio hicho hakifai, hata kama muuzaji anakisifia. Siku mbili nimezitaja makusudi. Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na mzigo ukifika stendi bado unakaa chini ya mizigo ya wengine mpaka mwenyewe aje.

Usafiri nao upigie hesabu kabla ya kutangaza chochote. Kifurushi kidogo kwa basi kinanigharimu 5,000. Mteja hawezi kulipa 5,000 kusafirisha kitu cha 7,000, ataona unamwibia hata kama huna kosa. Kilichonifungulia njia ni kumpata mtu Dar. Binamu wa mke wangu anakaa Tabata. Namtumia boksi moja kubwa kila Alhamisi, anapokea, anagawa kwa bodaboda, mteja analipia boda mwenyewe na anaambiwa mapema ni kiasi gani. Binamu nampa 1,000 kila chupa. Faida yangu ya chupa moja imepungua, lakini chupa zinazotoka kwa wiki zimekuwa mara tatu. Mama, kama una mtoto au mdogo wako Dar unayemwamini na hela, anza na huyo kabla ya kuanza na mtandao.

Malipo: ujumbe wa simu usiufanye ushahidi, mtu yeyote anaweza kuandika ujumbe unaofanana. Ingia mwenyewe kwenye menyu, kama ni M-Pesa piga *150*00#, angalia salio, ndipo mzigo utoke mlangoni. Mteja mkweli anasubiri dakika mbili. Omba pia Lipa Namba, mteja akilipa anaona jina la biashara yako, na hela ya dagaa haichanganyiki na ada ya shule.

La mbalamwezi limenifurahisha, kwa sababu wewe unaliona ni tatizo na mimi naliona ni mali. Asali yangu ikipata baridi inaganda. Mwanzoni nilikuwa naficha, na watu wakasema nimetia sukari. Siku moja nikarekodi video ya dakika moja, nimeshika chupa iliyoganda, nikaeleza kwamba kuganda ni tabia ya asali, nikaiweka kwenye maji ya uvuguvugu ikalegea mbele ya macho yao. Maneno yakaisha. Mtu wa Kinondoni hajui kwamba dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwamba taa ndiyo inayowaita, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Mwambie. Rekodi zile taa ziwani usiku, zinavyoonekana kama mji. Halafu sema wazi: "Wiki ijayo ni mbalamwezi, anayetaka aagize leo." Ila bei usiibadilishe kila wiki. Piga wastani wa mwezi mzima, weka bei moja, ishikilie.

MlajiWaMbezi

Mimi siuzi kitu, mimi ni mnunuzi, kwa hiyo nitasema la upande wetu.

Mama, weka bei. Nakuomba sana. Nikiingia kwenye ukurasa nikakuta "bei njoo inbox" natoka, na wenzangu ofisini ni hivyo hivyo. Siyo ubahili, tumechoka kuuliza na kutajiwa bei kufuatana na picha zetu za wasifu.

La pili ni mchanga. Dagaa wengi tunaonunua huku wameanikwa chini, unatafuna unasikia kokoto. Kama mzigo wako umeanikwa kwenye chanja, tuonyeshe hiyo chanja. Picha moja ya dagaa kwenye chanja, jua la asubuhi, na nyingine pakiti iko juu ya mizani inasoma gramu 500. Mimi hapo nimeshanunua.

Na yule mteja wa boksi lililolowa mpigie. Usimwandikie, mpigie, umtumie pakiti mbili za bure kwenye mzigo unaofuata. Mimi niliwahi kufanyiwa hivyo na muuza mchele wa Kyela, na mpaka leo sijahama.

MamaDagaa_Mza

Marahaba mwanangu Asali_Unyamwezi, Mungu akubariki, umeandika kama uliyekaa jikoni kwangu. Mchele kilo kumi nimeuweka tangu jana mchana. Mfuko ninaotumia siku zote umeacha doa kubwa. Sasa najua.

Dagaa wangu nawachagua wa chanja, sikujua kama hilo ni la kutangaza. Mbezi, asante, yule mteja nimempigia leo asubuhi. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza nakaanga kwa mafuta gani. Tumeongea dakika ishirini.

Mdogo wangu yuko Kimara, nitaongea naye. Swali limebaki moja: vibali. Nikianza kujitangaza si nitafuatwa? Ninayo leseni ya zamani ya kuuza reja reja sokoni, basi.

Hesabu_Ndogo

Mama, wanaokuja kukukagua wanaweza kuwa msaada ukiwafuata wewe kwanza. TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato) ni bure. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, uwe na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Fanya hili mapema, kwa sababu jina likipendwa mtandaoni kuna mtu ataliona.

Kwa kuwa unauza chakula kilichofungashwa, utahitaji kibali cha TBS, Shirika la Viwango. Usiende moja kwa moja. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, waeleze unachofanya, wanatoa mafunzo na barua ya kukutambulisha TBS, na mjasiriamali mdogo anapata unafuu. Watataka kuona mahali unapokaangia, kwa hiyo tenga jiko hilo na jiko la familia kama unaweza. Zamani chakula kilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, tangu 2019 kiko TBS, usipotezwe na mtu anayekuambia habari za zamani.

Kwenye pakiti andika jina la bidhaa, uzito, viungo ikiwemo mafuta, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namba ya simu. Na uwe na daftari. Kodi ya makadirio ina kiwango cha mwenye kumbukumbu na cha asiyekuwa nazo, na asiyeandika ndiye anayeumia.

Asali_Unyamwezi

Naongezea kwa Hesabu: tarehe ya mwisho usiikisie. Funga pakiti kumi leo, kila wiki fungua moja, uonje na kunusa, uandike. Mafuta yakianza kuchacha utayajua kwa harufu. Hizo pakiti kumi ni gharama ya 70,000, na ni nafuu kuliko tovuti.

MamaDagaa_Mza

Nimewaelewa. Mifuko mizito nimeipata mjini, nimeomba miwili tu ya kujaribia, iko chini ya mchele sasa hivi. Laini mpya nimesajili. Jumatatu nitakuwa SIDO.

MlajiWaMbezi, mifuko ikipita salama, Alhamisi natuma boksi la kwanza kwa mdogo wangu Kimara, pakiti kumi na mbili. Mbili ni za yule mteja wangu, tatu nakuwekea wewe kwa 7,000 kila moja, boda juu yako. Ukifungua, kabla hujala, piga picha chini ya boksi uniwekee hapa.