Usanisinuru: tukiongeza kabonidayoksaidi, viputo vinapungua badala ya kuongezeka

Mwalimu_Ziwani
Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kuhusu jaribio la kidato cha tatu. Tunaweka mmea wa majini ndani ya bika, taa sentimita 30 kutoka hapo, kisha tunahesabu viputo vya oksijeni kwa dakika. Kabonidayoksaidi tunaipata kwa kuyeyusha magadi ya dukani kwenye maji ya moto, tunayaacha yapoe, ndipo tunatumbukiza mmea. Maji matupu yanatoa viputo vichache. Kijiko kimoja cha magadi, vinapungua. Vijiko viwili, vinakaribia kukoma. Kitabu kinasema kasi ipande kisha itulie. Tunakosea wapi?

Kemia_na_Kijani
Mwalimu, ni magadi. Magadi ya mawe ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu kwa pamoja, na maji yake hufikia pH (kipimo cha asidi na besi, ambapo 7 ni katikati) ya karibu 10. Katika pH hiyo kabonidayoksaidi huru iliyobaki haifiki hata sehemu moja kwa elfu ya bikaboneti iliyomo, kwa hiyo umeinyima mimea chakula chake na kuiunguza kwa ukali juu yake.

Tumia bikaboneti ya sodiamu tupu, ile ya kuokea. Suluhisho lake bichi lina pH ya karibu 8.3, na humo hewa ukaa huru (yaani kabonidayoksaidi) ni karibu sehemu moja kwa mia ya bikaboneti. Bekingi pauda usiiguse: ina asidi na wanga, itatoa povu lake yenyewe na wanafunzi watahesabu povu hilo.

Na usitumie maji ya moto! Bikaboneti ikipata joto inapoteza kabonidayoksaidi na kugeuka kaboneti, yaani unarudi kulekule kwenye magadi. Yeyusha kwenye maji baridi, siku ileile ya jaribio.

Kijiko nacho weka kando, kimoja kilichojaa kinaweza kubeba gramu 5 au zaidi. Pima gramu 10, ongeza maji hadi lita 1: hiyo ni asilimia 1. Kutoka hapo, mililita 10 za suluhisho na 90 za maji ni asilimia 0.1, 20 na 80 ni 0.2, 50 na 50 ni 0.5.

Jani_Bichi
Naongeza upande wa mmea, maana hapo ndipo jaribio hili huharibika mara nyingi. Elodea, mmea wa majini wa vitabuni, si lazima; mimea ya ziwani kama Ceratophyllum au Hydrilla inafaa. Gugumaji halifai, majani yake yako hewani. Chagua kitawi cha sentimita 8 hivi chenye ncha changa, kata shina kwa mshazari likiwa ndani ya maji, na uligeuze ili pale ulipokata patazame juu. Viputo visipotoka, kata milimita chache tena. Shina lililobanwa na koleo huziba.

Kila ukibadilisha suluhisho, subiri dakika 5 kabla ya kuhesabu. Usianze na suluhisho hafifu na kuishia na kali tu, changanya mpangilio, na mwisho rudia lile la kwanza. Hesabu ikitofautiana sana na ya mwanzo, kitawi kimechoka na matokeo yote ya katikati hayaaminiki.

Viputo havilingani ukubwa. Mkiwa na bomba la sindano na mrija mwembamba, pimeni urefu wa hewa ndani ya mrija badala ya kuhesabu.

Mwalimu_Ziwani
Asanteni sana. Kwa kipimo cha sifuri, yaani kisicho na bikaboneti, nitumie maji yaliyochemshwa?

Kemia_na_Kijani
Ndiyo, lakini yana mtego. Kuchemsha kunaondoa oksijeni pia, hivyo maji hayo yatanyonya oksijeni ya mmea na viputo vitachelewa hata kama usanisinuru unaendelea. Yakishapoa, yatikise vizuri kwenye chupa yenye hewa. Hewa ukaa itakayorudi ni kidogo mno ukilinganisha na ya bikaboneti. Kisha tengeneza masuluhisho yote kwa maji hayohayo.

Mtama_na_Mpunga
Jambo moja kuhusu kutulia kwa grafu, kwa kuwa wanafunzi wengi huandika "mmea umeshiba" na kuishia hapo. Mwanasayansi wa mimea Mwingereza, Blackman, alilieleza mwaka 1905: kasi huamuliwa na kile kilichopungua zaidi. Grafu ikitulia, sogeza taa kutoka sentimita 30 hadi 15. Mwanga unakuwa karibu mara nne. Viputo vikiongezeka, kilichozuia ni mwanga. Visipoongezeka, angalieni joto. Taa ya LED ni bora kuliko balbu ya waya, na mkiwa na balbu tu, wekeni chombo bapa cha kioo chenye maji kati yake na bika kikamate joto, halafu kipimajoto kibaki ndani ya bika muda wote.

Wakiuliza kuhusu mimea ya shambani: hewa ya leo ina kabonidayoksaidi kidogo zaidi ya sehemu 420 kwa milioni. Mpunga, maharage na nyanya huendelea kuongeza kasi hadi karibu 1,000, kwa sababu rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ukaa ndani ya jani, hukamata oksijeni kimakosa hewa ukaa ikiwa haba. Mahindi, mtama na miwa huikusanya hewa ukaa kwanza kwenye seli zilizozunguka mishipa ya jani, kwa hiyo tayari yako karibu na kikomo chake. Ndiyo maana wenye vitalunyumba huongeza hewa ukaa kwenye nyanya na waridi, mchana tu, na pale mwanga unapokuwa wa kutosha.