Naomba ushauri: mbao za mlango wa zamani kutengenezea meza ya kulia

Habari zenu wadau. Nimepata mbao za mlango wa zamani na paleti mbili (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo), nataka nizitumie kutengeneza meza ya kulia. Mbao za mlango ni nzito, nyuzi zake zimebana vizuri, na nilipokwangua kona moja ikatokea rangi ya kahawia iliyoiva ambayo mbao mpya huipati. Ndiyo maana roho inaniuma kuziacha.

Misumari nimeng'oa, lakini mmoja ulikatikia ndani na sikuuona. Nilipopitisha randa ya mkono, ubao ukalia "kwaa!" na kisu kikapata pengo. Je, mnaikaguaje mbao kabla ya kuiranda? Sumaku inatosha?

Linalonitisha zaidi ni rangi. Zipo tabaka tatu, ya chini imekauka na inabanduka vipande vipande. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na nyumbani kuna mtoto anayetambaa, kwa hiyo msasa mkavu sijaugusa kabisa. Niivue kwa dawa ya kuondolea rangi, au niachane na mbao hizo?

Paleti moja ina muhuri wa HT, maana yake ilitibiwa kwa joto, hiyo sina wasiwasi nayo. Nyingine ina MB, yaani ilifukizwa kwa methili bromaidi, ile gesi ya sumu ya kuulia wadudu, nimeitenga.

Halafu kuna vitundu vidogo pembeni mwa ubao mmoja. Nikiugonga, unadondoka unga laini. Nitajuaje kama wadudu bado wamo?