Maharamia wa Civilization VI wananimalizia boti za uvuvi, nisaidieni

MvuviWaJinja
Salaam ndugu zangu. Nacheza Civilization VI kwenye simu. Mji wangu wa pili uko pwani, samaki tele. Shida ni meli nyekundu za washenzi: nikitengeneza boti za uvuvi, zinakuja kuziharibu. Nikizamisha moja, zamu chache tu nyingine hiyo! Juzi zimemteka mjenzi wangu majini. Nimeweka wapiga mishale ufukweni lakini mishale haziumizi kitu. Hizi meli zinatoka wapi? Au ni bahati mbaya tu?

Nahodha256
Si bahati, kaka. Kuna kambi yao mahali ukingoni mwa bahari, na wewe unahangaika na meli. Sisi wa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, twajua: mwizi wa injini za mashua humtafuti ziwani, unamfuata anakolala.

Kambi hutuma mpelelezi kwanza. Akiuona mji wako, alama ya mshangao inatokea juu yake, anageuza kurudi. Akifika salama, ndipo vikosi vinamwagika. Muue njiani.

Mishale yako inapunguziwa nguvu 17 ikilenga meli, ndiyo maana. Bora ujenge ukuta, mji wenyewe utaanza kupiga zinazokaribia. Na boti zilizoharibiwa mpe mjenzi azitengeneze, ukarabati haumpunguzii idadi ya kazi anazoweza kufanya.

MvuviWaJinja
Asante sana nahodha. Kambi nimeiona, iko kisiwani upande wa kaskazini. Nina gali moja, ile meli ya vita ya mwanzo. Naweza kuivunja kwa gali?

DadaWaEntebbe
Hapana. Gali inaweza kumpiga mlinzi wa kambi akiwa ukingoni, hata kumuua, lakini kambi haivunjiki mpaka askari wa nchi kavu aikanyage. Na askari hawapandi majini kabla hujagundua teknolojia ya uundaji wa meli (Shipbuilding). Kwa sasa ni wajenzi wako tu wanaovuka, na huyo wako alivuka bila ulinzi.

Kwa hiyo ongeza gali ya pili. Ukiwa na gali mbili, utafiti wa uundaji wa meli unaharakishwa sana, na hapo hapo umepata walinzi wa boti zako. Weka pia ile sera ya nidhamu (Discipline), inatoa nyongeza ya nguvu 5 ukipigana na washenzi. Mjenzi wako usimkatie tamaa, mateka mara nyingi hupelekwa kambini.

Ukishaivunja, mwache askari mmoja kisiwani. Kambi mpya haizuki mahali panapoonekana.

MzeeWaArua
Wanangu wamesema vyema. Niongeze la baadaye, maana linaumiza zaidi. Enzi ya Mwamko (Renaissance) ikifika, majirani zako wataanza kuunda praivatia, yaani meli za uporaji, na hizo hazionekani mpaka chombo chako kiwe kandokando yake. Zinapora hata mashamba yaliyo ufukweni. Kwenye Civilization IV zilikuwa zinashambulia bila kutangaza vita, tena bila bendera. Huku kwenye VI lazima nchi ziwe vitani, basi siku jirani mwenye pwani akikutangazia vita, usingoje kuona meli. Unda praivatia zako mwenyewe, kwa sababu zinaonana zenyewe kwa zenyewe, na zipange mbele ya bandari.

MvuviWaJinja
Shikamoo mzee, nimepokea. Gali ya pili nimeshaiagiza mjini.