Wakuu nina uvimbe kwapani, hauumi ila hauondoki, naombeni ushauri

Kimya_Kingi (mwenye uzi):
Wakuu habari za muda huu. Nina uvimbe kwapa la kushoto, kama wiki mbili hivi, hauumi. Nilijua jipu nikawa nakanda na maji ya moto, wapi. Nikanunua antibayotiki dukani nikamaliza dozi, hakuna kitu. Sasa kuna jamaa yangu ana mkono mwepesi, Jumamosi atanipasua na wembe mpya. Ninachouliza ni kimoja tu, baada ya pale kidonda niweke dawa gani kisioze. Msinitukane tafadhali.

Mama_Pacha:
Pole kaka. Acha deodoranti na acha kunyoa na wembe. Mimi kinyweleo kiliota kwa ndani, siku nne mkono haushuki, natembea nimeupanua kama nimebeba ndoo, watoto wananicheka. Nilipoacha kunyoa ikaisha.

Mzee_wa_Busara:
Mitoki hiyo. Kapime ngoma kijana. Hamtulii halafu mnakuja kutuuliza habari ya wembe.

Nesi_wa_Zamu:
Mkuu wembe uweke pembeni kwanza, nijibu haya. Ukiubonyeza unateleza chini ya ngozi au umeganda? Mgumu au laini? Una kidonda mkononi, au paka kakuparura? Homa, kukonda, jasho la usiku mpaka shuka linalowa? Na titi la upande huo umelikagua? Tezi za kwapani zinapokea maji ya mwilini kutoka mkononi na kwenye titi, ndo maana hata kidonda cha kidole kinaweza kukuvimbisha kwapa. Mtoki wa hivyo mara nyingi unauma, na kidonda kikipona na wenyewe unanywea taratibu.

Kimya_Kingi:
Ni mgumu, hautelezi. Homa sina, paka sina. Titi la nini tena, mimi ni mwanaume. Na wembe nimesema ni mpya, huyo jamaa kashapasua watu wengi tu na wako wazima.

Nesi_wa_Zamu:
Umejibu yote, la titi umeliruka.

Kimya_Kingi:
Sawa. Chuchu ya kushoto imezama ndani. Na kwenye fulana kuna doa la rangi ya kutu, dogo kama kichwa cha msumari, kila siku linatokea pale pale. Hizo fulana nafua mwenyewe usiku mke wangu asione. Halafu sio wiki mbili, ni miezi mitano. Ulianza kama punje ya harage, sasa nikiweka vidole vitatu unavijaza. Lakini nabeba mizigo na bega lile lile, nikasema ni msuguano tu, na ningekuwa mgonjwa si ningekuwa nasikia maumivu?

Hesabu_Kali:
Chai hii 😂 Wiki mbili zimegeuka miezi mitano, mwanaume ana matatizo ya titi, kesho atatuambia ana mimba. Modi funga uzi.

Binti_Mjomba:
Hesabu_Kali natamani ingekuwa chai. Mjomba wangu alificha hivyo hivyo mwaka mzima, tukawa tunamshangaa kwa nini havui shati hata jua likiwa kali vipi. Alipokuja kusema titi lilikuwa limeshatoboka kidonda. Tumemzika. Aibu ndo ilimuua, maana hospitali ilikuwepo.

Nesi_wa_Zamu:
Hata kama ni chai nitajibu, kuna mwingine anasoma kimyakimya na analo. Wanaume wanapata saratani ya matiti, katika wagonjwa 100 karibu mmoja ni mwanaume. Kimya_Kingi sijasema unayo. Inaweza kuwa TB ya mitoki, ambayo nayo mara nyingi haiumi, na hiyo ukiipasua kidonda kinaweza kutoa usaha miezi na miezi wakati dawa zake kwa kawaida ni za miezi 6. Kwa macho hakuna wa kukuambia ni nini. Watakupiga ultrasaundi ya titi na kwapa, halafu watachoma sindano wachukue kinyama kikapimwe. Uvimbe mgumu, hausogei, unakua, umepita wiki mbili, chuchu imebadilika, huo hausubiri Jumamosi. Na huko kutouma unakojipa moyo nako ndo kunakonitisha mimi.

Mama_Pacha:
Mimi bado nasema deodoranti iachwe pia.

Hesabu_Kali:
Binti pole sana. Nimefuta picha ya utani niliyoweka pale juu.

Kimya_Kingi:
Sijalala. Saa 9 usiku nimemuamsha mke wangu nikamuonyesha fulana. Kaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema hayo madoa kayaona siku nyingi, alidhani ni kutu ya waya wa kuanikia, tena alishabadilisha waya. Halafu akaniambia ninyanyue mkono. Tunatoka saa 12.