Ruzuku ya shule ya msingi, 6,000 kwa mtoto: kwenu inatosha nini? Tupeane uzoefu

Mjumbe Mpya (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Nimo kwenye kamati ya shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, mwaka wa pili huu. Kabla ya hapo nilikuwa yule mzazi wa kupiga kelele kikaoni: elimu bure, michango ya nini? Siku moja mwalimu mkuu akanisukumia daftari la mapato, akasema, "Haya mjumbe, panga wewe."

Tuna watoto 610. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inaingia 6,000. Hiyo ni 305,000 kwa mwezi. Mlinzi 100,000. Toa umeme, chaki, rimu za mitihani, nauli za wilayani. Mwezi ule mlango wa darasa la tatu ulikuwa umeng'oka bawaba, umeegeshwa ukutani kwa jiwe. Nilihangaika na kalamu nusu saa nzima, mlango ukabaki na jiwe lake.

Kiwango hicho cha 10,000 ni cha tangu MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002. Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Sasa mwanangu ndiye yuko la tano.

Kwenu mnafanyaje? Semeni mliyoyaona wenyewe, vyama tuviache nje.

Chaki Nusu
Mkuu, mimi nilikaimu ualimu mkuu Januari 2016, elimu bila malipo inaanza. Darasa la kwanza tulizoea watoto 90, wakaja 214. Sifa moja niitoe: hela ilianza kuja kila mwezi, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Zamani ilikuja ikijisikia. Ila hesabu yetu huko juu ilikuwa ya mwaka uliopita, kwa hiyo kwa miezi kadhaa tulilea 214 kwa hela ya 90. Mitihani niliandika ubaoni. Watoto wananakili maswali kwanza ndipo wajibu, na wa nyuma hawaoni kitu. Chaki tuligawana kwa kuzivunja. Jina langu humu limetoka huko.

Mama Pacha
Mie niko upande wa kuchangishwa. Wangu wawili, darasa la saba. Kikao kikapitisha hela ya uji na mitihani ya majaribio, tukasaini muhtasari, "hiari". Hiari yenyewe majina ya wasiolipa yanasomwa paredi! Wakasoma la pacha mmoja, la mwenzie wakaliruka. Aliyesomwa akarudi analia, eti nimemlipia nduguye tu. Nilikuwa sijamlipia hata mmoja. Bora waseme ni ada, nijipange.

Karani wa Ziwani
Huku Kenya, sekondari ya kutwa, serikali hutoa shilingi 22,244 za Kenya kwa mwanafunzi kwa mwaka, mgao wa asilimia 50-30-20 kwa mihula mitatu. Kwenye karatasi ni tamu. Mimi ni mhasibu wa shule, na shida yangu ni tarehe. Muhula unafunguliwa pesa haijaingia, ikija inakuja vipande. Mwenye duka la karatasi tulimkopa mihula miwili. Wa tatu alikuja ofisini saa mbili asubuhi akaketi, hasemi kitu, hadi saa kumi. Nilimpa chai mara tatu.

Godoro
Binti yangu aliingia kidato cha tano 2022, ada ikafutwa. Ile 70,000 ya bweni niliyokuwa nimeiweka ikanunua godoro na tranka. Nashukuru, sina la zaidi.

Mbishi wa Kata
Mnataka waongeze, haya. Matumizi ya hii iliyopo mnabandika?

Mjumbe Mpya
@Mbishi, yanabandikwa kila mwezi, mbao iko nje ya ofisi. Juzi mtu kaandika kwa peni pembeni ya "mlinzi 100,000": *kwani analinda nini?* Nimemwonyesha mlinzi mwenyewe, kacheka sana. Mwenye fundi wa bawaba wa bei poa aje PM.