Programu za picha kwenye terminali: acheni kukisia, ulizeni!

Wakuu, hii kero sasa imezidi.

Kila kukicha inatoka programu inayojinadi kwamba inaonyesha picha na maandishi pamoja kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Unaisakinisha, unafungua faili, skrini inajaa takataka za herufi na namba. Ukilalamika unajibiwa "hamia terminali nyingine". Nihamie ipi, wakati terminali niliyonayo ingejibu yenyewe kama ingeulizwa?

Itifaki kubwa, yaani kanuni za kutuma picha kwa terminali, ni tatu tu: Sixel ya kampuni ya DEC, ya tangu miaka ya 1980; ya terminali ya iTerm2, inayoanza na msimbo wa OSC 1337; na ya terminali ya kitty, inayotuma base64 (data ya picha iliyogeuzwa kuwa herufi) kwa vipande visivyozidi baiti 4096. Kujua kama Sixel ipo, tuma `printf '\e[c'` usome jibu. Ukiona 4 kati ya namba zinazotenganishwa na nukta mkato, ipo. Basi! Lakini watu wanasoma `$TERM`, kigeu chenye jina la aina ya terminali, na kupiga ramli. Ndani ya tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa madirisha mengi, `$TERM` inasema `tmux-256color` au `screen-256color`, na hapo ramli yote imekwisha.

Na tmux nayo ina vituko vyake. Swali la `\e[c` inalijibu yenyewe, terminali iliyo nje hailioni. Tangu toleo 3.3 inameza mfuatano wa kupenyeza (misimbo ya kupitisha data moja kwa moja hadi terminali ya nje) mpaka uandike `set -g allow-passthrough on`. Ukishapenyeza, tmux haijui kwamba pale kuna picha: ukihama dirisha, picha inabaki imeng'ang'ania juu ya maandishi ya watu. Kwa kitty dawa ipo, `kitten icat --unicode-placeholder`, kwa sababu picha inashikizwa kwenye herufi halisi, na herufi zikisogea nayo inasogea. Sixel inataka tmux 3.4 kwenda mbele, tena iliyojengwa na `--enable-sixel`. Vifurushi vingi havisemi kama waliiwasha au la.

Kinachoudhi kuliko vyote ni vipimo. Mtu anaamua tu kwamba mstari mmoja una kimo cha pikseli 16. Picha ya pikseli 400 anaitengea mistari 25, kumbe fonti yako ni 20, picha inaishia mstari wa 20 na chini kunabaki mistari mitano mitupu. Akikosea upande wa pili, maandishi yanapanda juu ya picha. Jamani, `\e[16t` inarudisha kimo na upana wa kisanduku cha herufi moja! Isipojibiwa, soma `TIOCGWINSZ`, ombi la kuuliza mfumo endeshi ukubwa wa dirisha. Ikirudisha sifuri kwenye pikseli, ndipo ukisie.

Halafu Sixel inachorwa kwa mikanda ya pikseli 6. Kimo cha 400 kinataka mikanda 67, yaani 402, na kwenye baadhi ya terminali pikseli hizo mbili zinavuka kuingia mstari wa 21 na kusukuma kila kitu. Punguza iwe 396, inakaa ndani ya mistari 20 bila ugomvi.

Terminali isiyo na itifaki hata moja, kama Alacritty, ipewe `chafa -f symbols`, inayochora picha kwa herufi na alama, siyo takataka. Na kabla ya kutuma chochote angalieni kama towe (kinachotolewa na programu) linaenda kwenye terminali kweli. Mtu akilielekeza kwenye faili au `grep`, amri ya kutafuta maneno, anataka maandishi matupu, hataki megabaiti mbili za base64 katikati ya logi.